Akiba haiozi, lakini mboga huoza

Je, umewahi kufika soko la Gakoromone mjini Meru, au lile la Embu, baada ya mvua nzuri? Kabichi hurundikwa chini kama mawe ya ujenzi. Sukuma wiki na karoti nazo zimejaa tele. Jioni ikifika, mama mboga ambaye hakupata mnunuzi huuza kwa bei ya kutupa, au huwapelekea mbuzi. Kiangazi kinapoingia, mama huyo huyo hutafuta mboga kwa bei ghali.

Hasara hii si yetu pekee. Mwaka wa 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba thuluthi moja hivi ya chakula duniani hupotea au kutupwa. Mboga huwahi kuoza kwa sababu sehemu kubwa ya jani ni maji. Maji yakiondolewa, viini vya kuozesha hukosa mahali pa kustawi.

Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana walianika majani ya kunde. Taabu ni kwamba vumbi, nzi na kuku nao huyafikia, na jua kali huharibu vitamini A na C.

Kikaushio cha jua huondoa taabu hiyo. Ni sanduku la mbao ambalo seremala yeyote anaweza kuliunda. Hufunikwa kwa karatasi angavu ya plastiki, na ndani hupakwa rangi nyeusi ili linase joto. Matundu ya chini huingiza hewa, ya juu hutoa mvuke, na yote huzibwa kwa wavu. Kitambaa cheusi juu ya majani huyakinga na miale.

Osha mboga, zikatekate, zichovye katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, zichuje, kisha uzitandaze nyembamba. Jua likiwa zuri, siku mbili hutosha. Jani lililo tayari huvunjikavunjika vidoleni. Lihifadhi katika mtungi uliofungwa vizuri, mahali penye giza.

Usianze siku ya mawingu! Mboga iliyokauka nusu huota kuvu, na kuvu si jambo la mzaha. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini.

Sasa, wewe wa mjini unahusikaje? Mara ngapi umeletewa mboga kavu kutoka nyumbani, ukazificha kabatini kwa kudhani ni chakula cha wakati wa njaa? Mkulima hatakausha kitu kisichokuwa na mnunuzi. Nawe mwanafunzi unayeishi katika chumba kisicho na friji, hiki ndicho chakula chako: kilo kumi za majani mabichi hubaki kama kilo moja, na haziozi upesi.

Ziloweke katika maji safi ya uvuguvugu kwa nusu saa, kaanga kitunguu na nyanya, kisha uzitie pamoja na maji yake. Songa ugali. Wageni wakiuliza umetoa wapi kunde tamu namna hii wakati wa kiangazi, waambie ni za msimu uliopita.