UCHAMBUZI: Likeni za vinamasi hatarini kuangamia kabla ya kupewa majina

Katika pwani ya North Carolina, Marekani, ipo misitu inayosimama ndani ya maji. Bahari inapozidi kupanda, chumvi hupenya hadi mizizini na miti hukauka ingali wima. Pamoja nayo hufa likeni, yaani kuvumwani, zilizoganda kwenye magome. Mwaka 2014, wataalamu James Lendemer na Jessica Allen walionya katika jarida la BioScience kuhusu hatari hiyo. Huenda baadhi ya spishi hizo zikatoweka kabla hazijatambuliwa.

Kutambua spishi mpya si kazi ya siku moja. Neno letu kuvumwani ladokeza kiini cha ugumu huo: ni kuvu iliyofungamana na mwani, na sura yake ya nje aghalabu hudanganya. Mtaalamu hukata kipande chembamba, akakichunguza kwa hadubini, akatonesha klorini aone iwapo rangi itageuka, kisha akalinganisha vinasaba. Mwaka huo huo wa 2014, watafiti walibaini kuwa likeni moja ya mataifa ya Amerika, iliyodhaniwa kuwa spishi moja, ilikuwa spishi zisizopungua 126!

Hatimaye sampuli huhifadhiwa na maelezo kuchapishwa. Hadi mwisho wa 2011, maelezo hayo yalihitaji Kilatini; tangu 2012 Kiingereza pia chakubalika. (Kiswahili kingali kinabisha hodi.)

Haya si mambo ya wasomi pekee. Ni vigumu kwa sheria kulinda kisicho na jina. Likeni mbili zilizowekwa chini ya sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini, mwaka 1993 na 1995, zilikuwa tayari zimeelezwa na kupewa majina.

Nasi tuna la kujiuliza. Katika karne ya 19, pwani ya Afrika Mashariki iliuzia Ulaya marere, likeni ya kutengenezea rangi ya zambarau. Hata hivyo, kitabu kikuu kuhusu likeni za eneo hili, kilichochapishwa 1988, kiliandikwa na Mwingereza Swinscow na Mnorwe Krog. Delta ya Mto Tana, iliyotambuliwa 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, ina misitu na mikoko, na hebaria ya kuhifadhia sampuli tunayo jijini Nairobi. Vyuo vikuu vyetu vinapaswa kusema ni nani vinamwandaa kwa kazi hiyo.