Hua wawili wa Mariamu na bahasha zetu

Kwa miaka mingi niliwaita wote njiwa. Wakitua uani chini ya mwembe kudonoa chenga za mchele, nilisema "njiwa wamekuja," nikaendelea na shughuli zangu. Mwaka huu mguu uliniweka nyumbani wiki sita. Kila asubuhi nilikaa barazani na kikombe cha chai, sina pa kwenda, na hapo ndipo nilipoona kwamba uani kwangu hapa Morogoro kuna ndege wa aina nne, kila mmoja na sura yake na sauti yake.

Wa kwanza ni wa kijivu, mwenye mstari mweusi nyuma ya shingo kama kola iliyokatwa nusu. Akiruka, pembe za mkia wake huonekana nyeupe. Wito wake una vipande vitatu, na huurudia tangu alfajiri bila kuchoka. Wa pili anafanana naye na ana kola ileile, ila ni mkubwa zaidi, ngozi inayozunguka jicho lake ni nyekundu, na mkiani hana weupe. Ilinichukua wiki nzima kuwatofautisha hao wawili. Wa tatu ni mdogo, hana kola. Kifua chake kina rangi ya kutu na madoa meusi, na sauti yake ni kama ya mtu anayecheka chinichini. Wa nne ni pugi, mdogo kuliko wote, mwenye madoa ya kijani yanayong'aa bawani jua likimpiga. Huyo haji mpaka ua uwe kimya kabisa.

Majina yao hubadilika kutoka eneo hadi eneo. Wengine husema hua, wengine tetere. Lakini tofauti zao zipo, uzijue usizijue. Zinamtaka mtu akae chini, anyamaze na atazame.

Katika wiki hizo nilisoma tena Luka sura ya 2, habari za Mariamu na Yusufu kumpeleka mtoto Yesu Yerusalemu. Nimeisoma tangu utoto bila kusimama kwenye mstari wa 24, unaotaja sadaka yao: hua wawili, au makinda mawili ya njiwa. Safari hii nilisimama, nikarudi Walawi 12. Sheria ilimtaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja, pamoja na ndege mmoja. Asiyeweza kupata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili. Luka hasemi popote kwamba familia ile ilikuwa maskini. Anataja ndege tu, na aliyeijua Torati alielewa.

Kwa nini Sheria itaje ndege wa aina mbili? Hua wa nchi ile ni wa msimu. Huja wakati wa majira ya kuchipua, na baridi ikikaribia huondoka. Yeremia 8:7 inamtaja miongoni mwa ndege wanaojua majira yao. Njiwa wa kufugwa walipatikana mwaka mzima. Basi mama maskini, ajifungue mwezi wowote, alikuwa na kitu cha kupeleka. Tena hua ni ndege wa porini, na anayeweza kumtega hahitaji fedha. Katika sadaka ya dhambi Sheria ilishuka chini zaidi: asiyeweza hata ndege alete unga (Walawi 5:11). Aliyeitoa Sheria hii aliutazama ua wa maskini kwa makini, akajua kuna nini humo na kinapatikana lini.

Nikiwa bado na wazo hilo, alikuja jirani yangu kunipa pole ya mguu. Ni mama anayeuza vitumbua, mjane, anayesomesha watoto wawili. Nikamuuliza habari za kanisani. Akatazama chini. "Mwalimu, Jumapili ya tatu hii siendi."

Kanisani kwao wanajenga. Kila baada ya ibada, majina na kiasi husomwa kwenye kipaza sauti. Waliotoa laki mbili husimama wapigiwe makofi. Kisha husomwa waliobaki na deni la ahadi. Yeye aliahidi shilingi elfu hamsini, akapeleka elfu tano. "Niliposikia jina langu nilitamani ardhi ipasuke. Nitarudi nikipata."

Nitarudi nikipata. Maneno hayo yamekaa nami kuliko mahubiri mengi. Mama huyu anasubiri apate mwana-kondoo ndipo aende mbele za Mungu, wakati Mungu mwenyewe alikwisha kukubali hua.

Sisemi haya kama mtu aliyesimama pembeni. Nimekuwa katika kamati ya ujenzi ya kanisa langu, na nimewahi kuishika orodha kama hiyo na kuisoma kwa sauti nzuri ya ualimu. Nilikuwa nikiona tarakimu. Waliotoa kidogo niliwaita "wasiojituma," wote kwa jina moja, kama nilivyowaita ndege wangu. Sikujua nani ni mvivu, nani ana mgonjwa, nani amekopa nauli ya kuja ibadani.

Wahazini watasema kusoma majina ni uwazi, na kwamba pasipo msukumo watu hawatoi. Kanisa linahitaji fedha, nakubali. Bati halinunuliwi kwa maombi peke yake. Lakini uwazi ni kusoma jumla ya mapato, matumizi yake na yaliyobaki, na kuacha vitabu vikaguliwe. Aliyetoa apewe stakabadhi yake mkononi. Jina la mjane na elfu tano zake si taarifa ya fedha. Na msukumo wa aibu huleta fedha ya Jumapili hii, kisha humfukuza mtu Jumapili tatu zinazofuata.

Marko 12 inatuambia Yesu aliketi kuelekea sanduku la hazina, akatazama. Naye pia aliona nani ametoa nini. Lakini aliketi hata akamjua mjane, akawaita wanafunzi wake ili wajifunze kwake. Na sura moja nyuma, alipoingia hekaluni, alipindua viti vya wauza njiwa. Sadaka ya maskini ilikuwa imegeuzwa biashara, naye alikuwa mtoto ambaye kwa ajili yake waliletwa ndege wawili tu.

Mpendwa msomaji, kama leo wewe ndiye utakayeshika orodha, nakusihi soma jumla, uyaache majina. Na kama bahasha yako ni nyepesi, nenda nayo. Mama wa Bwana wetu aliingia hekaluni na hua.

Mguu wangu umepona. Nimemwomba jirani yangu tuongozane ibada ya kwanza, nami kanisani kwangu nimeomba nafasi ya kuzungumza na wazee wa kanisa. Bado hajanijibu. Asubuhi hii nitapita mlangoni kwake kubisha hodi.

Jumapili njema.