Zaïko: Watangazaji, acheni sebene iishe

Wapenzi wa Zaïko Langa Langa wa Butembo na Beni hawachoki kubishana. Wengine wanasema orkestra hiyo, iliyoanza Kinshasa Desemba 1969, ilipoteza utamu Papa Wemba na wenzake walipoondoka 1974. Wengine wanajibu kwamba Zaïko ni gitaa la Manuaku Waku na ngoma, si mwimbaji mmoja.

Ubishi huo ni mzuri, lakini wapigaji hawatendewi haki. Zaïko iliacha tarumbeta, ikaweka gitaa na ngoma mbele. Kazi yao inasikika hasa kwenye sebene, sehemu ya mwisho ya wimbo. Na hapo ndipo mtangazaji wa redio anapokata na kuweka matangazo!

Mwenye simu na megabaiti atautafuta wimbo mzima. Familia iliyokimbia vita, ikaacha kaseti na kila kitu kijijini, inategemea redio ya jirani.

Tangazo la usalama lipite mbele, hilo halina ubishi. Lakini tangazo la sabuni linaweza kungoja dakika tatu. Watangazaji, acheni wimbo ufike mwisho, kisha watu wabishane wakiwa wamesikia yote.