Ubeti Hauenei Kiganjani

Imekuwa desturi kusema kwamba mtu wa Kamsamba, huko mkoani Songwe katika bonde la Ziwa Rukwa, hana haja ya kompyuta ya mezani, kwa kuwa simu imekwisha kumpa intaneti yote. Asemaye hayo aghalabu huwa ameketi mbele ya kompyuta.

Simu ina sifa zake, na si haki kuzipunja. Imempunguzia mkulima wa mpunga na ufuta safari ya kupanda hadi Mlowo kuuliza bei, na tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 humletea fedha alipo. Lakini jambo likiwa zito, simu huwekwa kando. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu huishia steshenari, mbele ya kompyuta ya mtu mwingine, akilipa ajaziwe fomu, askaniwe vyeti, vipandishwe mtandaoni. Nywila yake mwenye duka huijua kabla yeye hajaikariri. Kama simu ingetosha, steshenari hizo zingekwisha kufungwa zamani.

Wapenzi wa ushairi wana ushahidi ulio karibu zaidi. Mshororo wa shairi una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, na kina cha kati ndicho mlingoti wake. Kwenye kioo chembamba mshororo hukatika popote kioo kinapokwisha, na kina cha kati hakijulikani kilipo. Msomaji wa bondeni asiye na wa kumghania atadhani mtunzi hakujua kupima. Atasema mtu: ilaze simu. Naam, mshororo utaenea, na ubeti utapotea, ibakie mishororo miwili mitatu.

Wanakili wa Lamu na Pate mara nyingi waliuandika ubeti mzima wa utenzi, vipande vyote vinne, katika mstari mmoja. Miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa SOAS, London, sasa yaweza kusomwa mtandaoni hata na mtu wa Kamsamba. Mezani, hati huwekwa upande mmoja na nakala ya herufi za Kirumi upande wa pili, jicho likaenda na kurudi. Kwenye simu, kidole hukuza herufi tatu na kuipoteza ya nne.

Na hapo ni kusoma tu, kutunga je? Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi marufuku hiyo kulegezwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kutolewa bure. Iliandaliwa kwa ajili ya mtu mwenye kibodi na nia ya kuandika kurasa, si maneno matatu na kikaragosi. Leo marufuku haipo. Ipo dhana tu kwamba kijijini simu yatosha, nayo yafanya kazi ile ile bila tangazo la serikali.

Umeme hukatika, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Hilo ni dhara la kweli. Hoja ya bei ni dhaifu. Kompyuta iliyokwisha kutumika mara nyingi haizidi bei ya simu ya kujivunia, na ikiharibika hufunguliwa kwa bisibisi, ikabadilishwa diski, ikaendelea. Tena simu ni ya mmoja, ilhali kompyuta ya shule hupokezanwa na darasa zima, na anayengoja zamu husoma begani mwa mwenzake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma. Zinazofika bondeni zisifunikwe kitambaa katika ofisi ya mkuu wa shule.