Matembezi Yetu Kisiwani Saanane

Mwezi uliopita tuliondoka Bugarama pamoja na watoto 12 wa mafundisho, tukafika Mwanza, na huko tukapanda mashua kwenda kisiwa cha Saanane. Tangu mwaka 1964 palifugwa wanyama hapo, watu wapate kuwatazama. Na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote za Tanzania.

Twalitembea juu ya majabali. Tumbili na pimbi walitutazama wala hawakutuogopa. Mtoto mmoja akainama, akaokota jiwe, maana kwetu watoto huwinda pimbi. Tukamshika mkono. Akauliza, "Mwalimu, hawa ni wa nani?" Tukajibu upesi (mwalimu hakosi jawabu), "Ni wa Mungu."

Ndipo askari wa hifadhi alipotueleza ya kuwa Saanane alikuwa mtu, mvuvi na mkulima wa kisiwa hicho, akahama serikali ilipokitwaa. Mtoto akauliza tena, "Naye alikwenda wapi, Mwalimu?"

Hatukuwa na neno. Twalirudi kimya hata nchi kavu, naye angali na jiwe lake mkononi.