Betri Haichajiwi kwa Matusi

Sheria ya Fedha ya 2023, ile iliyotukosanisha hadi kwenye vikundi vya WhatsApp vya matanga na harusi, ilipandisha VAT ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Hilo kila mwendesha boda wa Kalundu, Kitui, analijua, na ana haki ya kulikumbuka, kwa sababu Septemba ya mwaka huo lita moja ilivuka shilingi 200. Wachache wanajua kwamba sheria hiyohiyo iliziweka pikipiki za umeme, mabasi ya umeme na betri za lithiamu katika kiwango cha VAT cha asilimia sufuri. Serikali ilitubana kwa mkono mmoja na kutulegezea kwa mwingine. Sisi tukabaki kugombana juu ya mkono uliotubana, na ule mwingine wakaushika watu wa Nairobi.

Ndugu zangu wa Kitui na Makueni, mnajua mambo yanavyokwenda. Mtu anatuma picha ya pikipiki ya umeme kikundini. Dakika tano haziishi, pikipiki imekwisha kuwa Ruto na Kalonzo. Mmoja anasema hiyo ni biashara ya wakubwa. Mwingine anajibu kwamba anayepinga amelipwa na Wiper. Wa tatu anatuma sauti ya dakika nne akiwatukana wote wawili pamoja na ukoo wao, kisha msimamizi anafunga kikundi hadi asubuhi. Kufikia hapo hakuna aliyeuliza pikipiki yenyewe ni bei gani, betri ni mali ya nani, na ikikuishia njiani kuelekea Mutomo saa mbili usiku utafanyaje.

Siombi mtu aache siasa. Anayemwambia Mkamba aache siasa huku uchaguzi wa 2027 unanukia anajichosha bure. Ninachoomba ni kwamba maneno hayo, pamoja na bando tunalolichoma kwayo, tuyahamishie mahali yanapoweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na kudaiwa majibu.

Tutazame kwanza biashara yenyewe ilipofika. Kampuni ya Roam, iliyoanza kwa jina la Opibus mwaka 2017, ilifungua 2023 kiwanda Nairobi ambacho ilisema kinaweza kuunganisha pikipiki 50,000 kwa mwaka. Mabasi ya umeme ya BasiGo yanaunganishwa Thika, katika kiwanda cha KVM. Spiro, nayo ya pikipiki za umeme, ilizinduliwa na Rais Ruto mwenyewe huko Mombasa, Septemba 2023. Vipuri vingi vya viwanda hivyo hushukia bandarini Mombasa, vikapanda kwa barabara au kwa SGR, vikapita Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Sultan Hamud. Njia nzima ya kuingia bara inakatiza Makueni, nasi tumesimama kando yake tukiuza maembe na asali kwa madereva. Si vibaya kuuza maembe, lakini ni aibu kama hicho ndicho kitu pekee tunachopata kwenye mzigo unaopita mlangoni petu kila siku.

Wapo wanaosema haya walishayaona, na hawakosei. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Wakaunda magari matano, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakazinduliwa kwa shangwe Kasarani mwaka 1990. Hayakuingia sokoni. Shirika lililokusudiwa kuyatengeneza kwa wingi likaja kuwa Numerical Machining Complex, karakana ya kuchonga vipuri. Mwaka 2024, kampuni ya magari ya Mobius nayo ilitangaza kufunga kabla mnunuzi hajajitokeza. Waganda walianza na gari la umeme la wanafunzi na wahadhiri wa Makerere mwaka 2011, wakaendelea hadi Kiira Motors ikajengewa kiwanda Jinja. Mimi naona kosa moja kubwa linalotuhusu: Nyayo Pioneer lilikuwa gari la amri. Hakuna mkulima wala mchukuzi aliyeulizwa anataka nini, na lilipokwama hakuna aliyelidai. Tena tusidanganyane. Kuunganisha si kutengeneza, na seli za betri hizi bado zinatoka China. Lakini pikipiki ya petroli nayo haikuzaliwa Tawa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo penye utamu. Chukua kijana wa boda anayekwenda kilomita 120 kwa siku. Pikipiki yake ikila lita moja kwa kilomita 40, anachoma lita tatu. Petroli tuseme ni shilingi 180: hiyo ni 540 kila siku, kabla hajala, kabla hajalipa mkopo wa pikipiki. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo inahitaji yuniti tano hivi. Katika bei zilizotangazwa 2023, mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka kiwango maalumu cha kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za usiku mahitaji yanapopungua. Ongeza kodi, ongeza tozo, ongeza umeme unaopotea kwenye chaja, bado hufiki 200.

Sasa uliza tofauti hiyo anaila nani. Mwendesha boda hanunui umeme kwa bei ya EPRA. Anabadilisha betri kituoni kwa bei aliyoiweka mwenye kituo, na mara nyingi betri si yake. Ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine, na mwenye betri anaweza kuifunga kwa mbali ukichelewesha malipo. Betri moja hukupeleka kilomita 70 au 80. Mjini Nairobi hilo si tatizo. Huku kwetu, toka Kitui mjini kuelekea Mutomo na Ikutha, au toka Mwingi kwenda Kyuso na Tseikuru, uone. Vituo vingi viko Nairobi na Mombasa kwa sababu huko ndiko kuna wateja waliosongamana, na hakuna kampuni itakayoleta kituo Zombe kwa huruma. Tukisubiri tu, kitakuja siku moja, kwa masharti ya mwenye nacho, na sisi tutakipokea kwa ngoma.

Tuna mfano mbaya hapahapa nyumbani wa watu kushirikishwa baada ya mambo kuamuliwa. Makaa ya mawe ya sehemu ya bonde la Mui yalikabidhiwa kampuni ya Fenxi ya China, na kwa zaidi ya miaka kumi wenye mashamba wameishi wasijue wajenge nyumba ya mawe au wangoje fidia. Uvumi ukawa mwingi kuliko barua. (Na kwa wale wanaodai kwamba gari la umeme ni gari la makaa ya mawe lililojificha: si kwa Kenya. Sehemu kubwa ya umeme wetu, karibu asilimia 90, inatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Kiwanda cha makaa cha Lamu kilifutiwa leseni na jopo la kitaifa la rufaa za mazingira mwaka 2019.)

Na tuna mifano mizuri, mingine mikubwa. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni ilipokamata ng'ombe wa Wakamba na kuwauza kwa bei ya kutupa, wazee, vijana na akina mama wa Machakos, ambayo wakati huo ilibeba na Makueni ndani yake, walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa wiki sita. Muindi alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini unyang'anyi ule wa mifugo ulisimama. Mwaka 2014, Bunge la Kaunti na Gavana wa Makueni walipozozana hadi risasi zikalia Wote, wananchi walikusanya saini kwa maelfu wakaomba kaunti nzima ivunjwe. Tume ikaundwa, ikasikiliza, ikapendekeza ivunjwe kweli. Rais Kenyatta akakataa mwaka 2015. Hawakupata walichoomba, ila hakuna mwanasiasa wa Makueni aliyesahau kwamba watu wale wanajua kuandika.

Ipo pia mwethya, kazi yetu ya kusaidiana, ambayo haihitaji historia kwa sababu bado tunaiishi. Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni yalijengwa hivyo: kina mama wamejipanga toka mlimani hadi mtoni wakipitishiana mawe, kila nyumba imetoa mtu, asiyefika anatozwa faini. Ukuta ukishakatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake na maji yanalala ndani ya mchanga hadi kiangazi. Hakuna aliyeulizwa chama chake cha siasa kabla ya kubeba jiwe. Na umeme wa kumilikiwa na wanakijiji si hadithi ya ng'ambo. Soko la Kitonyoni, Makueni, lilipata mtambo wake wa jua wa kilowati 13.5 mwaka 2012, ukisimamiwa na ushirika wa watu wa hapo.

Kwa hiyo nataka tufanye hivi. Kila steji ya boda, toka Emali hadi Mwingi, ichague watu wawili, mmoja anayependa Wiper na mmoja anayependa UDA, au vyama vyovyote viwili visivyopikika chungu kimoja. Chama cha kina mama kilicho karibu kitoe wawili. Wasivae kofia ya mgombea yeyote. Wakae jioni moja waandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kikamba, wa mambo wanayoyadai kwa kaunti.

Nina maoni yangu juu ya kinachofaa kuandikwa humo. La kwanza, na ndilo ningepigania kuliko yote, ni ardhi. Stendi na masoko ni mali ya umma. Kampuni ikitaka kuweka kituo cha betri hapo, kaunti iweke sharti: bei ibandikwe ukutani, betri isifungwe bila notisi, na Sacco ya waendesha boda ipewe nafasi ya kuweka chaja zake palepale ikinunua umeme kwa kiwango cha EPRA. Kwa njia hiyo ile tofauti tuliyoihesabu hapo juu inaweza kubaki kwenye mfuko wa Sacco. Jambo jingine ni ununuzi wa kaunti yenyewe. Maafisa wa mifugo, wa kilimo na wa afya ya jamii wanatumia pikipiki. Kaunti ikisema zitakazonunuliwa sasa ziwe za umeme na zihudumiwe Kitui na Wote, mwekezaji anapata sababu ya kufungua mlango huku. Na mafundi wetu: kijana anayefungua injini akiwa amefumba macho hajui aanzie wapi kwenye betri ya lithiamu, ambayo ukiichokonoa vibaya inashika moto. Chuo kikuu cha SEKU kiko Kwa Vonza, Wote ina taasisi yake ya ufundi, vyuo vya ufundi vya kaunti viko karibu kila wadi. Tuombe kozi fupi ya jioni, siyo shahada.

Wakati wa kuyapeleka umeandikwa kwenye sheria ya fedha za umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya wananchi hufanywa kabla ya tarehe hizo. Mara nyingi wanaojaa ni wazee, wanakandarasi wa wadi na waliosikia kuna soda. Vijana wanaojua bei ya kila kipuri wako nje ya ukumbi, wamekalia pikipiki, wanatukanana kwa simu kuhusu bajeti inayosomwa hatua ishirini kutoka walipo.

Wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp, nanyi mna kazi. Juu kabisa ya kikundi bandikeni bei ya petroli ambayo EPRA hutangaza kila tarehe 14, bei ya kubadilisha betri mahali pa karibu pa kuijua, na siku ya kikao kijacho cha wadi. Anayetaka kumtukana Rais au Kalonzo mwacheni atukane, mradi aseme kwanza kama atafika kikaoni. Kampuni ikishasaini na kaunti, mtu mmoja aombe nakala ya mkataba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kumjibu. Jibu lolote, hata la kukataa, lipigwe picha na kuwekwa kikundini.

Hesabu ya lita na yuniti iandikwe juu ya ule ukurasa, ili hata mwakilishi wadi anayesoma mstari wa kwanza pekee aione. Chini yake madai, kisha majina, nambari za vitambulisho na saini. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inatupa haki ya kuwasilisha ombi la namna hiyo, na inawalazimu wenye mamlaka ya kaunti kulijibu. Chapisheni nakala mbili. Moja mkabidhi kwa karani wa Bunge la Kaunti, ya pili agonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Akisema muhuri uko kwa bosi aliyetoka, kaeni hapo hadi bosi arudi.