Sisi Ngapi?

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii wameshausikia ugomvi wangu na baba kuhusu gari ya mama. Niliahidi kuweka mahesabu hapa, basi haya.

Kwanza kisa chenyewe. Gari ya zamani ya mama ilikuwa na miaka 16 na gia zake zimechoka. Mwezi uliopita, akiwa anaingia I-45 hapa Houston, akakanyaga mafuta, gari ikanguruma tu bila kwenda, na nyuma yake lori linakuja linapiga honi. Alhamdulillahi hakuumia mtu. Lakini mama alifika nyumbani, akaweka ufunguo mezani, akasema hataigusa tena. Mimi na kaka yangu tukaamua kuchanga tumnunulie nyingine, gari ya kawaida ya familia, milango minne, iliyotumika. Baba akajiteua mwenyekiti wa kamati.

Kwa kila gari niliyomwonyesha kwenye simu, baba aliuliza swali moja: "Sisi ngapi?" Nilipokuwa mdogo nilidhani anauliza tuko wangapi. Nilikuwa namjibu, "Sisi watano, baba!" Kumbe ni CC, ukubwa wa injini. Watu wa rika lake waliokulia Tanga wanaipima gari hivyo: sisi nyingi, gari ina nguvu, sisi chache, gari ya mjini tu. Kwa hiyo alitaka V6, na neno lake lilikuwa la mwisho. "Mama yako karibu agongwe na lori kwa sababu ya injini dhaifu. Wewe unaniletea habari za kubana mafuta?"

Utamjibu nini mtu anayesema hivyo? Nikafungua kompyuta. Haya ni magari ya mwaka 2018, kwa makadirio ya EPA ya mjini na barabara kuu yakijumlishwa:

- Toyota Camry LE, silinda 4, sisi 2500: nguvu za farasi 203, maili 32 kwa galoni.
- Toyota Camry V6, sisi 3500: farasi 301, maili 26.
- Honda Accord LX, sisi 1500 na turbo: farasi 192, maili 33.
- Honda Accord Sport, sisi 2000 na turbo: farasi 252, maili 26.
- Toyota Camry LE haibridi, sisi 2500 pamoja na mota ya umeme: farasi 208, maili 52.

Ziangalie hizo Accord. Injini ya sisi 1500 inakaribia kabisa ile ya Toyota ya sisi 2500. Turbo inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, na hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuchomwa kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo siku hizi sisi peke yake haikuambii nguvu ya gari. Lakini pia hakuna cha bure: Accord ya farasi 252 inakula mafuta sawasawa na Camry ya V6.

Sasa mtego ambao hata mimi, mhasibu mzima, uliniponza. Kutoka maili 26 hadi 32 unaona ni maili 6 tu. Kutoka 32 hadi 52 ni maili 20. Unadhani faida ya pili ni zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Hapana. Hesabu galoni zinazoliwa. Mama anaendesha kama maili 12,000 kwa mwaka. V6 ingekula galoni 462, silinda 4 galoni 375, haibridi galoni 231. Yaani hatua ya kwanza inaokoa galoni 87, na ya pili 144. Ni kubwa zaidi, ndiyo, lakini si mara tatu. Kama gari yako ya sasa ni mlafi, hata kuhamia kwenye silinda 4 ya kawaida kunasaidia sana.

Na ndugu zetu wa London, msije mkalinganisha maili zenu na zetu moja kwa moja. Galoni yenu ni lita 4.55, yetu ni 3.79. Maili 32 za huku kwenu zinasomeka 38. Ukitaka kumweleza shangazi aliye Tanga, mwambie kilomita kwa lita: V6 inakwenda 11, haibridi 22.

Tuseme galoni ni dola 3. Tofauti ya V6 na haibridi ni kama dola 690 kwa mwaka, karibu dola 58 kila mwezi. Nilipomwonyesha baba namba hiyo alinyamaza kidogo, kwa sababu anayopeleka kwa shangazi kila mwezi ni dola 60. Halafu akasema, "Na mlima je?"

Mlima! Houston ni tambarare kama meza. Ndipo ikatoka hadithi ambayo sikuwahi kuisikia. Ujana wake alikuwa akimsaidia mjomba wake kwenye Peugeot 504 ya abiria, Mombo hadi Lushoto. Gari imejaa watu na magunia, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Siku moja injini ikashindwa katikati ya mlima na gari ikaanza kurudi nyuma. Baba ndiye aliyeruka nje kuweka jiwe chini ya gurudumu. Basi nikaelewa. Anaposema "injini dhaifu" haongelei namba.

Hata hivyo nikatafuta. Ile 504 ya kabureta, sisi 1971, haikufika farasi 100. Gari za leo ni nzito zaidi, sawa, lakini hata Accord ya farasi 192 ina karibu mara mbili.

Baba akaweka sharti moja, na hapa nampa haki yake: tusiamini karatasi, tukazijaribu na watu ndani. Jumamosi tukaenda, mimi, baba, mama na wanangu wawili, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho. V6 inafika maili 60 kwa saa ndani ya sekunde 6 hivi, haibridi inakaribia 8. Baba aliendesha V6 akitabasamu kama kijana. Kisha mama akaomba ufunguo. Wiki tatu tunabishana, na hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye. Akaingia barabara kuu na V6, akatoka mapema. "Hii inaniruka," akasema. Akaingia na haibridi, ile mota ya umeme ikamsukuma papo hapo bila kishindo, akajiunga na magari mengine, akashusha mabega. "Hii inatosha."

Kikao kikafungwa.

Angalizo moja kabla hujakimbilia haibridi kuukuu: dhamana ya betri. Kwa Toyota za kabla ya 2020 huku Texas ni miaka 8 au maili 100,000, kuanzia 2020 ni miaka 10 au maili 150,000. Kwa sababu hiyo tuliiacha ya 2018 tukachukua LE ya 2020, dola 2,500 zaidi ya silinda 4 ya mwaka huohuo. Kwa kuokoa kama dola 430 kwa mwaka dhidi ya hiyo silinda 4, pesa itarudi baada ya karibu miaka 6. Kama unaendesha maili chache, silinda 4 inakutosha, usijitie deni.

Jana jirani kaja kuiona. Kabla hajauliza kitu, baba kashamwambia: "Sisi elfu mbili na mia tano."

Neno la wiki: kubana mafuta. Gari inayotumia mafuta kidogo inabana mafuta. Isiyobana inakula mafuta. Mulizeni mzee wa kwenu gari yake ya kwanza ilikuwa sisi ngapi, halafu tulieni msikilize. Tukutane wiki ijayo.